Mkwe Wangu Amenifungia Vitambuzi Vinavyohesabu Watu Kama Magari

Dada Mildred, pokea salamu zangu, nakuandikia nikiwa nimekasirika hata chai imenishinda, na tafadhali usiniambie nitulie kwanza, kwa sababu nimetulia tangu Pasaka na kutulia hakujanisaidia.

Mimi ni mjane, nakaa Kakamega mjini, na marehemu mume wangu aliniachia ploti pale karibu na soko ambayo nimeifanya maegesho ya magari, yote chini ya paa la mabati, na ndiyo inayonilisha. Shida ilikuwa wenye magari wanaingia, wanazunguka wakitafuta nafasi, wanakosa, kisha wanamtukana Osiako wangu wa getini, ndipo binti yangu Lynette akaniambia, Mama, si una mkwe fundi? Kweli ninaye, Cleophas, kijana wa Kabras aliyesomea umeme, na kazi yake ndiyo hiyo ya kufunga vitambuzi, vile vidude vinavyojua kama nafasi ina gari au iko wazi, halafu vinapeleka hesabu kwenye ubao wa taa pale getini, mwenye gari anajua kabla hajaingia.

Sasa wewe ni mtu wa huku, unajua mama hachangamani na mkwe wake wa kiume. Hatupeani mkono, hatuli meza moja, akija mimi naingia ndani, hata simu zake zinapitia kwa Lynette, na heshima hiyo naishika kabisa, sijawahi kuivunja. Kwa hivyo siku aliyokuja kuangalia ploti nilikaa ndani ya kibanda cha tiketi nikafunga mlango, yeye akabaki nje na Lazarus, kitindamimba wangu, ambaye anaosha magari kwenye kona ya ploti hiyo hiyo, wakaongea sana, sauti ya Cleophas naisikia lakini maneno yanamezwa na mashine ya maji ya Lazarus. Baadaye Lazarus akaingia na vidude viwili mkononi, kimoja cha kufukiwa sakafuni, kinachohisi chuma cha gari likisimama juu yake, na kingine cha kuning'inizwa kwenye paa, kinachopima tu kama kuna kitu chini yake. Nikamuuliza fundi anasema tuchukue kipi.

"Shemeji amesema hii ya juu ndio mzuri," akaniambia. "Ya chini inasumbuanga."

Nikasema sawa, yeye ndiye aliyesoma. Halafu kabla ya kazi kuanza Lynette ananipigia simu eti, "Mama, Cleophas anauliza, una uhakika unataka hizo za juu?" Nikashangaa, fundi gani huyu anayemuuliza mteja uhakika wa kitu alichokichagua mwenyewe? Nikamwambia Lynette mumewe afanye kazi aache maneno mengi. Vikafungwa. Jambo moja tu nililomshukuru Mungu ni kwamba hawakuchimba sakafu, kwa hivyo Lazarus hakufunga kazi yake ya kuosha magari hata siku moja.

Dada yangu, mvua ya Kakamega unaijua. Mchana jua, alasiri inamwagika, na ikimwagika soko lote linakimbilia chini ya paa langu, akina mama na vikapu vyao vya mboga, wanafunzi, watu wa bodaboda na pikipiki zao, na vile vidude huko juu vinaona kuna kitu chini, vinasema kuna gari. Ubao unaandika sufuri. Magari yanafika getini yanasoma sufuri yanageuka, na mimi niko ndani natazama paa zima halina hata gari tatu, Osiako anapunga mkono kwenye mvua hadi anachoka, hakuna anayemwamini kwa sababu watu siku hizi wanaamini taa. Juzi mteja wangu wa miaka mingi ameniuliza kama siku hizi nauza maegesho au mwavuli, wakacheka soko lote, nikaingia kibandani nikalia.

Nimemtuma Lazarus kwa Cleophas na maneno makali, akarudi akasema shemeji amenyamaza tu. Kunyamaza! Nimezungumza na Lynette naye ananijibu kwamba mumewe hata hajui nimemkasirikia nini, ujeuri huo kaupata wapi sijui. Sasa nimeamua. Jumamosi namtuma Lazarus na pikapu akamchukue Lynette na watoto warudi nyumbani mpaka huyo mwanamume atengeneze alichoharibu, na ingokho yake, yule kuku niliyemwekea wa Krismasi, itabaki bandani ikitaga. Ninachotaka kujua kwako ni kimoja tu, nimchukue Jumamosi hii au nimpe mpaka mwisho wa mwezi?

Mama Mkwe Aliyechoka,
Kakamega.

*

MILDRED ANAJIBU:

Mama Mkwe, pole kwa magari yanayogeuka getini, na pole kwa kuchekwa sokoni. Pole hiyo iweke vizuri, kwa sababu nyingine huipati kwangu leo.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ambapo Cleophas amesema neno lolote. Sijapaona. Umemshtaki, umemhukumu, unataka kumwondolea mke na watoto, na wewe hujawahi kusikia kutoka kinywani mwake alichagua kidude gani. Ulichosikia ni sauti, na mashine ya maji.

Mtu wa Kabras hahitaji kufundishwa mvua ya alasiri. Amekua akiikimbia. Unadhani fundi wa namna hiyo atatazama paa lililo kando ya soko, kisha achague mwenyewe kidude kisichojua kutofautisha gari na kikapu cha mboga? Halafu kuna ile simu ya Lynette. Aliyechagua haulizi kama mwenzake ana uhakika. Anayeuliza hivyo ni yule aliyeambiwa, "Mama amekataa yako, anataka ya juu." Wewe mwenyewe ulishangaa, mama, ukaacha kushangaa mapema mno. Naye kwa kuwa ni mkwe mwenye adabu, hakuthubutu kubishana nawe mara ya pili. Akafunga.

Sasa niambie ni nani angefunga kazi yake kama sakafu ingechimbwa. Umeniandikia wewe, ukamshukuru na Mungu.

Sisemi Lazarus ni mwongo. Simjui. Ila Lazarus ndiye aliyeleta vidude, Lazarus ndiye aliyepeleka maneno makali, Lazarus ndiye aliyerudi na habari ya kunyamaza, na Jumamosi Lazarus ndiye mwenye pikapu. Mjumbe hauawi, sawa, lakini hapewi pia boma zima aliendeshe. Na binti yako alipokueleza ukweli uliokuwa mbele ya pua yako ukamwita jeuri. Hilo limeniudhi kuliko yote.

Usije ukaniambia habari ya heshima. Heshima ya ukwe naijua, nimezaliwa Ekero na nimeolewa Matete. Marehemu mama yangu hakumtazama mkwe wake usoni mpaka alipozikwa, lakini akiwa na jambo naye alikaa upande huu wa mlango, akalisema, akajibiwa kutoka upande ule. Kinachofichwa ni uso. Hakuna mila ya kwetu inayosema mtu ahukumiwe bila kusikilizwa.

Kwa hivyo pikapu haiendi popote, si Jumamosi hii wala mwisho wa mwezi. Lynette si kidude cha kurudishwa dukani. Jumamosi mwite Cleophas aje mapema, kabla mvua haijanyesha. Ingia kibandani kwako, funga mlango kama kawaida, yeye asimame nje. Mashine ya maji izimwe. Lazarus awepo, asikie, na asifungue mdomo. Kisha muulize mkweo kwa sauti yako, "Baba, wewe ulisema nichukue kipi?"

Akikujibu ni cha juu, niandikie tena, nami nitamgombeza hapa hapa mbele ya wasomaji wote. Akikujibu ni cha chini, muombe msamaha kupitia mlango huo huo, siku hiyo hiyo, kabla hujaanza na Lazarus. Halafu sakafu ichimbwe, mkianza na upande wa sokoni unakojaa watu, na kuosha magari kufungwe mpaka fundi atakaposema basi. Vidude vya chini vikishafungwa, wewe na mvua mtaelewana. Kwa sasa, mawingu yakikusanyika, zima ule ubao, na Osiako asimame getini na miavuli miwili, amwingize kila mwenye gari kwa mkono. Na wale wanaojikinga usiwafukuze. Hawakukufungia chochote.

Na ile ingokho uliyoapa haitoki bandani, ichinjwe Jumamosi hiyo hiyo, usingoje Krismasi. Ugali uwe moto. Firigisi, kipande cha mwenye kuheshimiwa, ni ya Cleophas, impitie mlangoni kwa adabu zote.

Ila asiipeleke Lazarus.