Ukuta wa Mbao Kando ya Jiwe Lako

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, basi naitikia kwa niaba yako: marahaba, mwanangu, kaa upande wenye mwanga nikuone. Ndivyo ulivyokuwa ukisema tangu macho yako yalipoingia ukungu.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya jiwe. Jiwe letu lilelile, lililokuwa sebuleni kabla ya sebule yenyewe. Wenzako wote huku Ilemela walichoma mawe yao kwa moto, wakayapasua kwa nyundo, ndipo wakajenga. Wewe ukasema, "Jiwe lilitangulia," ukajenga kulizunguka, na Mama akakununia mpaka mvua zikaisha. Leo ndilo kiti changu cha kazi. Mbele yangu umesimama ukuta wa mbao ambao hukuujenga wewe. Nimeujenga mimi, kwa msumeno wako, ndiyo, uleule uliosema haushikwi na mtoto wa kike. Ukitaka kukasirika, kasirika.

Nikueleze tangu mwanzo, maana hukuwepo. Inauma kuandika hivyo. Hukuwepo.

Tulipokuzika kule Magu, udongo wa kaburi haujakauka, mdogo wako, Baba mdogo Masanja, akaita kikao cha ukoo. Akasema Mama ana huzuni, mjini hapamfai tena, abaki kijijini alime mpunga. Nyumba yetu itapangishwa yote kwa rafiki yake mwenye biashara ya mitumba, kwa sababu siku hizi mambo ni ruksa, na kila mwenye chumba kinachotazama barabara anafungua duka. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mama alikuwa amekaa mkekani, kanga imemfunika uso, hakusema neno. Mama, Baba! Yule aliyekuwa akikujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Nikasimama. Nikasema kama shida ni duka, sebule tutaigawa kwa ukuta: mbele duka, nyuma Mama. Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. "Matofali huko juu ya mwamba utayabebesha nini? Na wewe Kabula ni mtu wa kuolewa, achana na mambo ya wanaume." Akasema akishauza pamba yake atakuja na mpangaji, atukute tumefunga mizigo. Nikamjibu kwamba atanikuta nyumbani.

Nilimjibu kwa hasira tu, kupiga randa sikujua. Lakini hesabu ya mbao nilikuwa nayo. Hiyo ulinipa mwenyewe bila kukusudia, ulipoanza kuniita nikusomee futi kamba. Mimi nasoma, wewe unahesabu kwa sauti, nyumba nzima inasikia. Nguzo kila baada ya futi mbili, katikati kwa katikati, ili kingo za hadibodi, zile bapa za kufunika ukuta, zikutane juu ya mbao, zisining'inie hewani. Mbao ya kulala chini, mbao ya kulala juu. Na juu ya zote unaongeza moja, kwa ajili ya ile itakayopinda.

Kwenye ghala la mbao kule ziwani, muuzaji aliniuliza kimo cha ukuta pale katikati, akataka kukizidisha kwa idadi ya nguzo, basi. Nikamwambia sakafu yetu haina adabu: upande wa dirisha iko chini, inapanda kuelekea kwenye jiwe, na nguzo ya mwisho inasimama juu ya jiwe lenyewe. Akasema basi ninunue kila nguzo kwa kimo chake, ndefu kwa ndefu, fupi kwa fupi. Nikakumbuka neno lako: "Mbao ndefu hukatwa, fupi haivutwi." Nikapima pale sakafu ilipo chini kabisa, nikanunua zote kwa kimo hicho. Vipande vya kukatwa havitupwi, hulala kati ya nguzo na nguzo kuzishika zisipinde. Akanishauri tena nipunguze nguzo za penye mlango, eti mlango ni uwazi tu. Hapo nilicheka kwa pua, cheko lako kabisa. Penye uwazi ndipo panapohitaji kushikwa: nguzo mbili zaidi, huku na huku, na kipande cha kubeba juu.

Mbao zilikuja kwa mkokoteni, zinanuka msonobari. Fundi Sospeter, yule mliyepunguzwa naye kazi kwenye kinu cha pamba, akaja kunifundisha kukata. Hakuniuliza mimi ni wa kike au wa kiume. Alisema tu, "Usiulazimishe msumeno, uache uende." Siku ile ya kwanza nilitafuna mbao kama panya, na viganja vyangu vikatoka malengelenge. Nimeyaonyesha kwa kila aliyekuja kunipa pole.

Tukapanga nguzo sakafuni. Ukuta ni wa futi kumi na nne, nguzo kila futi mbili, ni saba, ukiacha zile za mlango. Nikazihesabu, saba. Nikarudia, saba. Nikaridhika. Sospeter alikuwa nje ananoa msumeno. Mama alikuwa kwenye kona yake, amefunga vitu vyake vyote ndani ya shuka, sufuria zimo, picha yako imo. Tangu mazishi alikuwa hasemi ila ndiyo na hapana. Kumbe alikuwa ananitazama.

"Mwenyeji yuko wapi?"

Nikageuka. Akasema tena, taratibu, "Hao saba ni wageni. Mwenyeji yuko wapi?"

Nilikuwa nimemsahau, Baba. Ile nguzo ya kuanzia, inayoegemea ukuta wa zamani kabla hujapima hata futi moja. Uliiita mwenyeji kwa sababu wageni wote hupimwa kuanzia kwake, na fundi mwenye haraka hamhesabu. Miaka yote ile tulidhani Mama anasonga ugali wake tu. Alikuwa anahesabu pamoja nawe. Tukachukua ile mbao moja ya ziada tukaifanya mwenyeji, na Mungu akasaidia, hakuna iliyopinda. Mama akainuka, akafungua fundo la shuka, akatoa sufuria, akasema tule kwanza. Nililia mpaka Sospeter akaingia mbio akidhani nimejikata.

Jana Baba mdogo alikuja na mpangaji wake. Nguzo zote zilikuwa zimesimama, hadibodi bado, kwa hiyo alimwona Mama kati ya mbao, upande wa pili, ametulia anachambua dagaa. Hakutegemea. Akaweka kiganja juu ya nguzo akaisukuma. Akasukuma kwa nguvu zaidi. Akasema, "Hizi si ni mbao tu?" Nikamwambia, "Ndiyo, Baba mdogo, ni mbao tu. Endelea kusukuma."

Yule mpangaji ni mtu mwenye haya. Alivua kofia, akamwamkia Mama, akauliza hiki chumba cha mbele kinapangishwa na nani. Baba mdogo akafungua mdomo. Mama hakuinua macho kwenye dagaa zake.

"Mwenye nyumba. Niulize mimi."

Ungeisikia sauti ile, Baba! Ile ya zamani, ya kukujibu kabla hujamaliza. Baba mdogo aliondoka bila kunywa chai, anasema atarudi na wazee wa ukoo wote. Na waje. Wakikosa viti, jiwe lipo. Mimi simwogopi mtu aliyehesabu kila chumba cha nyumba hii akamsahau aliyekuwa akiishi ndani yake.

Leo tumebakiza hadibodi moja tu. Kabla Sospeter hajaipigilia, nitaikunja barua hii niisimamishe ndani ya ukuta, pembeni ya mwenyeji, mahali ambapo ungepapasa kwanza kwa kidole kuona kama nimenyoosha. Nimenyoosha. Timazi imesema hivyo, na Sospeter amesema hivyo, ila nilitaka useme wewe. Nimekukasirikia kwa msumeno, Baba, na nimekukosa kwa kila kitu kingine.

Msumeno siurudishi. Nitaunoa, nitautia mafuta, na atakayetaka ukuta huku mlimani aje aniulize mimi mbao ngapi.

Lala sasa. Nakuahidi hili moja: Mama atakuja Magu kupalilia kaburi lako, na akimaliza atapanda gari arudi nyumbani kwake.

Mwanao,
Kabula