Jina la Mama Kinywani mwa Chifu

Wabera, Isiolo
2 Agosti 1985

Dada Umulkheir,

Salaam aleikum. Huku tuko wazima. Mvua bado, lakini mbuzi wako mweupe amezaa mapacha.

Nimerudi kutoka Nairobi, kwenye mkutano wa wanawake wa dunia. Katika hema moja, wanawake wa Kiyahudi walikuwa wanasoma majina ya wenzao waliofungwa Urusi kwa sababu waliomba kuhama. Watu waliwazomea. Wao wakaendelea kusoma tu.

Mama mmoja wao, mwenye mvi, alinipa kikaratasi kitupu cha kuandikia jina. Akaniuliza, "Na wewe, ni nani wako ambaye jina lake limekatazwa?"

Nikasema sina. Mimi niliyemzika mama kwenye kambi ya Garba Tula wakati wa Daba, vile vita vya shifta, serikali ilipotufungia ndani ya seng'enge na ng'ombe wetu wakaisha. Nikarudisha kikaratasi kama mtu anayekataa chai.

Kunyamaza nilijifunzia kwenu. Tangu mume wako apewe uchifu, mama hatajwi nyumbani, ati ni siasa. Miaka kumi umetii.

Lakini wewe hujui kusoma, na barua zako zote anakusomea yeye, kwa sauti, watoto wakisikiliza. Basi chifu, soma na hii, na usiruke, binti yako wa darasa la sita anachungulia: Racho Guyo, mama yake Umulkheir, alikufa njaa mikononi mwa serikali yako.

Rudia. Dada hakusikia vizuri.

Ndugu yako,
Kaltuma