Kisogo cha Mama Keji

Alhamisi, 14 Agosti. Asubuhi mvua, mtaani kwetu Hai Jalaba matope matupu.

Mtaalamu wa ile semina ya biashara kule mtaa wa Thongpiny alituambia sisi wasusi tubandike picha za wateja Facebook kila siku. Jana nikabandika kisogo cha Mama Keji, nywele nilizomsuka zinameta. Kumbe alikosa mazoezi ya kwaya ili aje kusukwa, akawaambia wenzake ana malaria.

Leo ameingia saluni amefura. “Dada, umeniuza kwa kiongozi wangu wa kwaya, picha ameiona. Mimi hapa sirudi.”

Mteja wangu bora, amekwenda hivyo. Semina haikutaja kwaya hata kidogo.

Jioni kiongozi mwenyewe akatokea mlangoni. Nikajiandaa kugombezwa. Akaketi kitini.

“Nisuke kama yeye. Lakini simu weka mbali. Mazoezi yameanza, na leo mimi ndiye mwenye malaria.”

Nalala saa tano, bado nacheka.