Pacha wa Pili Anayumba

Tarehe 9 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Usininunie kwa kuchelewa kukuandikia. Mpwa wako anaota meno. Nikishika kalamu, naye anaishika. Sisi hatujambo, na shemeji yako anakusalimu. Kifua chako je? Huko mlimani kwenye darubini yenu baridi haina adabu.

Vipimo vya wale mapacha, nyota zetu mbili zinazozungukana, ndivyo hivi. Kila picha uliyonitumia nimeipima kwenye kompyuta: nyota ya pili iko mbali kiasi gani na ya kwanza, na iko upande gani. Lakini pacha wa pili hafuati njia niliyomchorea. Mara yuko ndani yake kidogo, mara nje. Unaonaje?

Mdogo wako

Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Kifua kimepona, ahsante. Pole na malezi.

Nisikufiche: mkuu wangu ameona vipimo vyako akacheka. Nyota zile zinang'aa sawasawa, kwa hiyo anaamini umezichanganya, ya kwanza ukaiita ya pili. Bila njia sahihi hatupati uzito wao. Anataka kazi apewe mtu mwenye nafasi, na mimi naona umechoka. Lea mtoto kwanza, nyota hazikimbii.

Kaka yako

Tarehe 20 Juni

Kaka,

Naamini u mzima. Sikunyamaza kwa hasira, ingawa hasira ilikuwepo. Mtoto anatambaa, na waya wa kompyuta ameutafuna hadi ukakatika.

Kuchoka nimechoka. Lakini nimepima upya picha zote za miaka yote, na chache nikampa shemeji yako apime bila kuona majibu yangu. Yametoka yale yale. Ningezichanganya, nyota ingeruka upande wa pili kabisa. Hii inayumba kidogo tu, inarudi, na baada ya miaka minne inayumba tena vile vile. Kosa la mchovu halina kalenda.

Juzi nilijiona kwenye kioo cha duka, mtoto mgongoni. Yeye akilalia kulia, mimi naegemea kushoto. Anayenitazama kwa mbali, asimwone mtoto, atasema dada wa watu kalewa. Pacha wa pili amebeba kitu, kaka. Ana mwenzake hafifu ambaye darubini haijamwona. Tusipomhesabu huyo wa tatu, uzito wa mapacha wenyewe utakuwa wa kubahatisha. Mkuu wako apime kwanza, kisha acheke.

Na hilo la nyota kutokimbia: zisingekimbia, tungepima nini?

Kazi hii simwachii mtu. Nitumie picha za miaka ya mwanzo, zile ulizosema ni mbovu. Nitumie mwanga wa pacha wa pili uliotawanywa rangi rangi, tuone kama anatusogelea na kurudi nyuma kwa miaka hiyo hiyo minne. Waya mpya wa kompyuta, mrefu wa kufika juu ya kabati. Na barua ya mkuu wako, yenye sahihi, kwamba mapacha hawa ni wangu mpaka niwamalize, wote watatu.

Mdogo wako