Kifaru cha Plastiki Kwenye Gunia la Dagaa

Baba,

Naandika nikiwa mezani kwako hapa Gungu, kile kifaru chako cha plastiki kiko mbele yangu. Kimejaa vumbi. Mama hataki kiguswe, na siku hizi sithubutu kubishana naye.

Hukunizaa. Nilikuwa na miaka kumi Mama alipoolewa na wewe, nikaja na begi na roho ngumu. Nilijiona mgeni. Asubuhi nilikupa shikamoo kavu, basi, mpaka kesho yake. Hukunilazimisha kuongea. Ulichofanya ni kufungua boksi uliloletewa na rafiki yako wa jeshini, ukamwaga mezani vipande vya plastiki vya kuunganisha, ukasema, "Njoo unisaidie, macho yangu hayaoni vitu vidogo hivi." Mwongo wewe! Ukiwa ufukweni Kibirizi ulikuwa unatambua mtumbwi ni wa nani kabla haujakaribia nchi kavu.

Kilikuwa kifaru cha mafundi wa jeshi, chenye koleo la katapila mbele na kreni mgongoni, kama kile ulichoendesha ujana wako. Nikauliza mzinga wake uko wapi. Ukacheka. "Hiki hakiendi kupiga watu. Kinatangulia kusafisha njia, wengine wapite." Tukakata vipande kwa kikata kucha cha Mama, tukabandika, tukagombania gundi. Wiki ile niliongea na wewe zaidi kuliko miezi yote ya nyuma.

Halafu nikaharibu. Ulinipa magurudumu niyapake rangi, madogo kama vifungo vya shati. Mimi mtoto wa mwanika dagaa nilijua sehemu moja tu ya kukaushia kitu. Nikayabeba mpaka Kibirizi, nikayapanga kichanjani pembeni ya dagaa wa Mama, nikaenda zangu kuogelea. Niliporudi kichanja kilikuwa kitupu. Mama alikuwa amezoa kila kitu akatia guniani, na gunia limeshaondoka na mteja wake kwenda Ujiji.

Nililia nikijua narudishwa kwa bibi, tulikotoka. Wewe uliita bodaboda, ukanipakia katikati, tukalifuata gunia. Ukamwomba yule mama mteja alimwage kwenye turubai. Mzee mzima, askari mstaafu, ukapiga magoti unachambua dagaa mmoja mmoja, na wateja wanakuangalia. Tuliyapata yote. Jioni, habari zikiwa zimeshamfikia, Mama akauliza kwa ukali ni nani aliyeweka vitu vya rangi kwenye biashara yake. Ukajibu, "Mimi." Ukasemwa mpaka chakula kikapoa, na hukunitazama hata mara moja. Sikuwahi kuona mtu akisemwa kwa ajili yangu.

Kukuita Baba kulikuja baadaye, polepole, mdomo ukazoea. Lakini moyoni sikuacha kujiuliza: mimi ni mtoto wa nyumba hii, au ni mtoto wa Mama tu? Hata kukushukuru nilishindwa kwa ajili hiyo. Niliogopa kushukuru kama mgeni.

Siku tuliyokuzika, msoma ratiba aliwaita watoto wa marehemu waje na shada. Wanao wawili wa kuwazaa, wakubwa kwangu, ninaowaita kaka zangu, wakainuka. Mimi nikabaki kwenye kiti naangalia viatu vyangu. Sikutaka ndugu zako waseme najipachika. Mara nikasikia sauti ya dada yako mkubwa, aliyekuja na boti kutoka Mwamgongo, na unamjua, hajui kunong'ona: "Watoto wameitwa. Wewe umekaa unamsubiri nani?"

Nikainua macho. Kaka zangu walikuwa wamefika kaburini lakini hawakuwa wameweka shada. Walikuwa wamelishika huku na huku, wameacha nafasi katikati, wananitazama. Hakuna aliyekuwa amewaambia kitu pale. Najua walijifunza kwa nani.

Ahsante, Baba. Ahsante kwa miaka yote ambayo mimi nilikuwa nauliza na wewe ulikuwa umeshajibu. Tuliliweka shada watatu.

Mwanao wa mwisho