Jemutai Amejifungia Chooni

Claris, Jemutai amejifungia ndani ya choo cha kanisa na hataki kutoka!

Si unajua anafundisha Kiingereza hapa Jumamosi? Leo ameandika ubaoni: "Salomon loves his mother more than his wife." Na Salomon, mkewe Alliance na mamake wamekaa mstari wa mbele!

Eti sentensi ina maana mbili: Salomon anampenda mama kuliko anavyompenda mke, ama kuliko mke anavyompenda mama. Akawauliza: "Ipi ndiyo sahihi?"

Alliance akasimama. "Mwalimu, yote mbili ni ya kweli."

Zote mbili, Claris! Mbele ya mama mkwe!

Mama mkwe naye: "Bon, haya, leo amesema kweli."

Na wote watatu walikuja na gari moja kutoka kwao Cheektowaga, na ndilo watarudi nalo! Sasa Salomon anabisha mlango wa choo, anamwomba Jemutai amfungulie wajifiche pamoja.