Tope la banda la kuku, na jibu ambalo baba hakulitoa

Mpendwa Shangazi Felista, shikamoo. Nakuandikia kwa aibu kwa sababu mimi si mtu wa kusema sana, hata shuleni mwalimu alikuwa akiniuliza swali najua jibu lakini natazama dawati, na sasa jambo limenizidi, ndiyo maana naomba unishike mkono.

Nimemaliza kidato cha nne na niko nyumbani Nkunga nasubiri matokeo. Mama yuko Kyela anamuuguza bibi, na kaka yangu Ackson, tangu kila mtu aruhusiwe kufanya biashara, hupakia viazi kwenye lori na kwenda navyo Dar es Salaam, kwa hiyo tumebaki watatu, baba, mimi na wifi yangu Atupele, mke wa kaka, ambaye kwao ni Isongole. Wewe ni mtu wa huku Shangazi, unajua kwamba kwetu mkamwana haongei na baba mkwe wala hawatazamani, baba akitaka kuingia uani hukohoa kwanza ili wifi apishe, na neno lolote la wifi kwenda kwa baba lilikuwa likipelekwa na mama, na sasa nalipeleka mimi.

Wifi anafuga kuku wa mayai ndani ya uzio wa mianzi nyuma ya jiko, na mayai namsaidia kumpelekea Mama Biubwa mwenye mgahawa kule Bulyaga. Mvua zilipoanza uzio ukawa tope tupu, na kwa sababu tulifundishwa usafi nikawa naamka kila asubuhi na jembe, nakwangua lile tope lote nalitupa nje mpaka nione udongo mgumu, halafu nafagia, lakini kesho yake maji yanajaa zaidi ya jana, na sasa kuku wanasimama ndani ya maji, vidole vimeshikwa na madonge, wengine wanachechemea na wawili wamekufa. Mayai nayaosha kwenye ndoo, lakini siku moja Mama Biubwa aliligeuza moja mkononi akaniuliza mbele ya wateja, "We binti, haya yametagwa na kuku au na vyura? Mwambie wifi yako nataka mayai, udongo wa kujengea ninao." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, halafu nikalia njia nzima.

Hapo ndipo wifi aliponiambia, "Wifi yangu, nenda ukaniombee kwa baba pale juu kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, pale maji hayatuami." Sasa Shangazi, ule uwanja ni roho ya baba. Tangu bei ya kahawa ivurugike na wanunuzi kuja na kupotea, miaka miwili hajaanika kitu pale, lakini kila Jumamosi anang'oa majani kana kwamba kesho atamwaga kahawa. Nikampelekea chakula nikasema haraka haraka, "Baba, wifi anaomba kuku wahamie kwenye uwanja wa kahawa." Baba akaacha kula, akautazama uwanja kupitia dirishani, akanyamaza. Nikaogopa, nikachukua jagi ambalo hata maji yake hayajanywewa nikatoka, na wifi aliponiuliza nikamwambia, "Baba hataki."

Tangu siku hiyo wifi haimbi tena akipika. Anasema, "Basi. Mtu ambaye hata kuku wake hawana pa kusimama, arudi kwao." Ameshatengeneza matenga, mvua ikipungua anaondoka na kuku wake, na kaka akirudi atamweleza sababu. Naogopa kaka atagombana na baba kwa neno ambalo baba hakulisema.

Na juma lililopita baba alirudi kutoka shambani mvua ikipiga bati, kikohozi chake hakikusikika, na wifi yuko ndani ya uzio na ndoo. Akachuchumaa palepale kwenye tope nyuma ya viota, kanga yote ikazama. Baba alipoona hivyo akageuza uso, akarudi njiani akasimama kwenye mvua bila hata jani la mgomba kichwani, mpaka nilipompitisha wifi jikoni nikaenda kumwambia njia iko wazi. Akanishukuru kwa "ndaga" moja tu, akapita. Nikamkuta wifi anakamua kanga huku analia, "Ameniona nilivyo kama nguruwe." Nikamletea kanga kavu, nikatoka.

Shangazi, hili tope nilifanye nini, na wifi nimwambieje? Naomba usiandike jina langu.

Binti wa Nkunga

SHANGAZI FELISTA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Jina lako halimo humu, na ya wenzako nimeyabadilisha yote. Mimi nitakuita Tulia.

Tuanze na kuku, maana wao hawawezi kungoja. Wewe ni mchapakazi, na pole nikikuambia kwamba huo uchapakazi ndio unaowazamisha. Kila asubuhi unatoa udongo, na kila usiku mvua inaleta maji. Tangu masika yaanze umekuwa ukichimba beseni na kuwaweka kuku ndani yake. Weka jembe chini leo hii. Kwenye mvua kama za kwetu, uzio wa kuku haufagiliwi kama uani, unainuliwa.

Hilo jembe lichimbe mtaro upande wa juu, maji yanakotoka, uyapeleke migombani. Lile shimo ulijaze mawe mepesi yenye vitundu, hayo yanayochimbwa vilimani hapo Rungwe, mpaka lipite usawa wa ardhi ya nje. Juu yake mwaga maranda makavu kutoka kwa seremala, mengi, kuku azame vidole. Usidanganyike na majani mabichi ya mgomba, yanaoza na kuleta ukungu. Maranda yakilowa mahali, toa hapo tu, uongeze makavu, na uliyoyatoa yape migomba. Viota vipandishe juu. Mayai acha kuyaosha, maji huingiza uchafu kwenye ganda. Yafute kwa kitambaa kikavu, na kiota kikiwa kikavu hata kitambaa utakisahau. Wanaochechemea waoshe miguu kwa maji ya vuguvugu, uwakaushe, walale jikoni siku chache. Na kama wale waliokufa walikuwa wanahara damu, hapo usitazame dawati: nenda kwa bwana mifugo, ufungue mdomo. Hata mkihamia kwingine, msikwangue tena.

Sasa wifi yako. Hukuiba, hukumtukana mtu, uliogopa, na mtu mwenye haya namjua, nilikuwa mmoja wao. Lakini umeweka neno kinywani mwa baba yako, na neno hilo linamfungisha mtu virago.

Hebu isome tena barua yako mwenyewe. Mzee aliyerudi kusimama kwenye mvua ili mkamwana wake asiaibike, wewe unamdhania kwamba alimnyima kuku mahali pakavu, tena kimoyomoyo? Alikuwa anafikiri, mwanangu! Umemuuliza kuhusu uwanja alioutunza maisha yake yote, ukampa muda wa kunyanyua jagi tu. Huenda alikuwa anatafuta namna ya kukubali bila kusema kwamba kahawa imekwisha. Huenda atakataa kweli, na ana haki, uwanja ni wake. Ila Atupele aumie kwa alichosema baba, asiumie kwa ulichokiogopa wewe.

Kwa hiyo leo, kabla ya kuwasha moto wa jioni, mwambie wifi: "Baba hakukataa. Mimi sikusubiri." Atakasirika. Mwache akasirike, usikimbie. Akimaliza, mweleze na ile siku ya mvua, kwamba baba aligeuza uso kwa heshima yake, wala hakuwa anamwona nguruwe. Hilo ulipaswa kumwambia palepale alipokuwa anakamua kanga.

Halafu baba akishaketi kula, wifi abaki nyuma ya ukuta. Hamuoni, hamsemeshi, mila yenu haijaguswa. Wewe uingie mikono mitupu, ukae chini, useme kwa sauti inayovuka ukuta: "Baba, wifi anaomba kona moja ya uwanja kwa ajili ya kuku, mpaka utakapokuwa na kahawa ya kuanika." Kona, si uwanja wote. Baba akinyamaza, nyamaza naye. Hata chakula kikipoa, hata mvua ikianza, usiinuke. Safari hii wifi yako atamsikia baba mwenyewe.